Kodi ya Nyumba ya Chuno

Siku hizo nilikuwa kuli bandarini Mtwara, nimepanga chumba Chuno, na mke wangu kajifungua, hata arobaini haijaisha. Ndipo ikaja samansi. Kusoma nilikuwa nababaisha tu, jirani akanisomea: mwenye nyumba anadai sijalipa kodi, anataka nitolewe. Sasa mzazi na kichanga niwapeleke wapi na mvua zile? Mvua zenyewe, we acha, mihogo ilioza ardhini. Lakini hayo tuyaache.

Kodi nilikuwa nalipa. Ila nilimpa mama, mke wa huyo bwana, maana nyumba ilikuwa yake, kaachiwa na mama yake mzazi. Kwetu Wamakonde ndivyo, mwanamume alioa akahamia ukweni. Yule bwana alihamia pale na baiskeli na mkeka. Mama alipokwenda shamba Mtawanya kupalilia, bwana akajiona sultani, akaja kunidai upya. Nikakataa, akaenda kunishitaki.

Nikampelekea mama habari. Siku ya kesi nikaazima shati, zuri kweli, kulirudisha niliona uchungu. Hakimu alikuwa mtu wa bara, mgeni wa mambo yetu. Kabla hajaanza kusikiliza, nikasimama.

"Bwana Hakimu, naomba kesi hii uifute mapema. Huyu si mwenye nyumba."

"Muongo huyo!" bwana akaruka. "Chuno nzima nani asiyenijua?"

Hakimu akamuuliza taratibu, "Nyumba uliipataje, mzee? Ulijenga au ulinunua?"

Akavimbisha kifua. "Nilioa pale!"

Wazee wa baraza wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Hakimu kaduwaa. Mmoja wao akamweleza kwamba huku kwetu nyumba kama ile hufuata upande wa mama. Basi hakimu akauliza kama mwenyewe yupo. Mama akainuka benchi la nyuma, matope ya shamba bado miguuni.

"Nipo, mwanangu. Kodi yangu naipata, huyu mpangaji simdai kitu." Akamgeukia mumewe. "Ila wewe, baba watoto, ya kwako mbona sijaiona?"

Hata karani aliweka kalamu chini acheke. Kesi ikafutwa palepale, shahidi hata mmoja hajaitwa.

Nyumbani nikamkuta mke wangu kashafunga vyombo kwenye shuka, mtoto mgongoni.

"Tunakwenda wapi?"

Nikacheka tu. Akanitazama, akalifungua lile fundo, akatoa sufuria.

"Haya, kateke maji. Mtoto hajaoga."