Tabasamu Lililoniponza

Upepo ukitoka upande wa viwandani, harufu ya mafuta yanayochemshwa kwenye kiwanda cha sabuni ilijaa mtaa wote wa Makongeni, na sisi watoto wa nyumba za wafanyakazi wa reli tulikuwa tumeizoea kabisa. Nilipokuwa darasa la nane, miaka ya tisini, ikaanza kunitapisha. Nilikuwa nimeteleza kwenye maji ya povu pale tulipofulia nguo, nikajigonga kisogo kwenye ukingo wa karo la saruji. Nilizimia kidogo, nikamwagiwa maji, nikaamka. Hapakuwa na damu, wala nundu ya maana. Daktari alisema ubongo umetikisika, nipumzike, nikae mahali palipotulia. Mama akamuuliza sindano iko wapi. Tulirudi nyumbani na vidonge vya maumivu, naye Mama alikuwa amenuna njia nzima, maana kwake daktari asiyedunga sindano hajatibu.

Kaka yangu Barasa alikuwa amevunjika mkono mwaka uliotangulia. Alifungwa plasta, mtaa mzima ukaja kuandika majina juu yake, na kila asubuhi alikaangiwa yai. Mimi ningeonyesha nini? Mwanga wa dirisha ulinichoma macho. Nikisoma aya moja, herufi zinaanza kucheza na kichwa kinagonga. Nikitumwa chumvi dukani, nafika nimesahau nilichotumwa. Barasa akasema najifanya tu, nakwepa kuosha vyombo. Nilikuwa natamani nimrushie sufuria, lakini hata kuinama kuichukua kulinitia kizunguzungu. Na mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa unakaribia. Nilikuwa nikishika namba moja au mbili darasani, na nilitaka shule ya bweni kuliko kitu chochote duniani. Nilichoomba ni utulivu tu, wiki chache nilale gizani redio imezimwa, kichwa kirudi kabla ya mtihani.

Mama, kwa kunipenda, akaniletea ngoma.

Kanisa letu lilikuwa lile la kanzu nyeupe zenye msalaba kifuani, tulilokuja nalo kutoka kwetu, magharibi mwa nchi, na huko mgonjwa huombewa kwa ngoma. Walikuja Jumapili baada ya ibada, wakajaa chumba chetu kimoja hadi mlangoni, na mpigaji akaketi karibu na kitanda changu kwa sababu nafasi nyingine haikuwepo. Nilimshika Mama kanzu, nikamwomba waombe polepole. Akaniambia ugonjwa hauondolewi kwa kunong'ona. Jamani, ngoma ile! Kila pigo lilitua palepale nilipojigonga. Nililia, wakasema pepo linatoka. Nikaziba masikio, wakaongeza sauti. Kisha ngozi ya ngoma ikalegea, mpigaji akaitoa nje kuipasha moto wa makaratasi ikaze tena, na waimbaji wakanyamaza wakimngoja. Kimya kile kilikuwa kitamu mno. Nilifumba macho, nikatabasamu.

Mama aliliona tabasamu lile. Akapiga vigelegele, akanikumbatia. "Amepona! Mwanangu amepona!"

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa zima akatoa ushuhuda, mimi nikiwa kando yake. Kuanzia hapo kichwa hakikuwa changu tena. Nikisema kinauma, naulizwa kama nataka kumkana Mungu, au nataka kumwaibisha mama yangu mbele ya watu. Nilirudi kwenye vyombo, nikarudi kwenye kelele za darasa. Siku ya mtihani wa hesabu nililaza kichwa juu ya dawati nikangoja tarakimu zitulie. Hazikutulia. Shule ya bweni nikaikosa, nikaenda ya kutwa hapo karibu, na Mama akasema walimu ndio hawakutufundisha vizuri. Nilikasirika, na ajabu ni kwamba hasira yenyewe haijaisha.

Juzi mwanangu aligongana vichwa na mwenzake wakicheza mpira. Daktari amekataza simu, runinga na vitabu, na mwalimu mkuu mwenyewe amepiga simu kusema tusimharakishe. Nilishukuru, halafu nikamwonea wivu mtoto wangu wa kumzaa. Mama alisafiri kutoka Bungoma kuja kumwona. Nilikuwa nimejipanga kugombana naye mlangoni, lakini alivua viatu bila kuambiwa, akaingia kwenye chumba chenye giza, akaketi karibu na kitanda, akaomba kwa kunong'ona. Mtoto alipolala, akanigeukia.

"Nafula, kichwa chako wewe kiliacha kuuma lini?"

"Bado, Mama. Nikikaa juani, au mahali penye kelele, kinarudi."

Alinyoosha blanketi ambalo tayari lilikuwa limenyooka.

"Lakini ulitabasamu," akasema.

Nilitaka kupiga kelele miaka hiyo yote itoke kwa pamoja. Lakini mtoto alikuwa amelala.