Sauti Safi Katika Simu ya Tura

Inatangazwa kwa umma wote, wenye viatu na wasio navyo, kwamba sikio kuu kuliko yote katika Tanganyika ya Waingereza lilikuwa sikio la kushoto la Hilari Mayala, karani wa simu wa stesheni ya Tura. La kulia lilikuwa la kawaida tu. Hilo alimsikilizia mkewe.

Waya wa simu ulifuata njia ya zamani ya misafara, na kila kitu kiliingia humo: upepo, radi, nyuki waliojenga kwenye nguzo. Wengine waliapa kwamba hata wapagazi waliofia njiani, pembe zikiwa mabegani, walisikika wakihema mle ndani. Hilari hakubishana nao. Simu ilipolia alifumba macho, akaisikiliza kelele kwanza, ndipo akamtafuta mtu ndani yake. Kornel, karani wa kituo kinachofuata upande wa Tabora, Hilari alimtambua kwa kuku wake, aliyetaga kwenye sanduku la bendera na kujisifu kutwa nzima.

Alasiri moja mwishoni mwa kiangazi, dhoruba ya vumbi iliifunika Tura hadi mchana ukawa rangi ya kutu. Gari la moshi la mizigo lilikuwa limesimama likisubiri. Reli ni moja, na tangu asubuhi Hilari alikwisha kumruhusu Kornel alete gari la abiria. Simu ikalia.

"Tura, gari la abiria nimelizuia hapa. Toa la mizigo."

Sauti ya Kornel, na kikohozi chake juu. Hilari akafumba macho. Nje upepo ulikuwa unang'oa mabati. Ndani ya waya hamkuwa na upepo. Hamkuwa na nyuki. Hamkuwa na kuku.

"Rudia," akasema, kama ilivyo desturi ya kazi.

"Tura, gari la abiria nimelizuia hapa. Toa la mizigo." Na kikohozi, palepale.

"Kornel, ndugu yangu, kuku hajambo?"

"Tura, gari la abiria nimelizuia hapa..."

Mussa, dereva wa gari la mizigo, akachungulia dirishani.

"Bwana Hilari, unachumbia au unapokea njia? Si amesema nitoke? Hata mimi nimemsikia!"

"Hutoki, bwana."

Mussa alikuwa bado anautukana ukoo mzima wa akina Mayala wakati honi ilipolia ndani ya vumbi, na gari la abiria likaingia stesheni, watu wakining'inia madirishani.

Kesho yake Kornel alifika kwa kiberenge, kuku kwapani.

"Waya ulikatika tangu adhuhuri," akasema. "Nimezungusha simu mpaka mkono ukafa ganzi. Sijaongea na mtu."

Wakatoliki wakasema ni pepo. Wamoraviani wakasema ni Wakatoliki. Mkaguzi wa reli akaja, akavua kofia, akauliza kwa sauti ya kanisani ni ishara gani iliyomfunulia Hilari siri ile.

Hilari akajikuna sikio la kulia.

"Nilimsikia vizuri," akasema. "Simu hii haijawahi kusikika vizuri."