Hadasa, Jina Nililovuliwa Msimbazi

Mama aliniita Hadasa. Alilisikia kanisani kwetu kusini, kwamba ndilo jina la nyumbani la malkia Esta, na maana yake mhadasi, mti mdogo ambao majani yake ukiyafikicha yananukia.

Mama akafa. Mjomba akanitoa shule darasa la nne, akanileta Dar, akanikabidhi kwa mama mmoja mwenye duka, nyumba yake jirani na Mtaa wa Msimbazi. Yule mama aliniuliza jina mara moja tu.

"Hadasa ndiyo nini? Watoto wangu wameshazoea jina la dada aliyeondoka. Utaitwa hilohilo."

Na huyo aliyeondoka naye alilikuta jina hilo kwa aliyemtangulia. Wasichana wa kazi tulirithishana jina kama tulivyorithishana godoro. Nikiitwa, "Abee," nakimbia. Nikichelewa, mwiko wa mgongo.

Wa kulaumiwa ni hao wawili, mjomba na huyo mama, siwafichi. Esta naye alikuwa yatima, akalelewa na ndugu yake Mordekai. Alipochukuliwa ikulu, Mordekai alipita mbele ya ua kila siku kuulizia hali yake. Mjomba wangu alipita mwisho wa mwezi, akachukua mshahara wangu, akaenda zake bila kuniuliza hata nimekula nini. Wapo wanaosema Esta ni nyota kwa lugha ya Uajemi, wapo wanaosema ni kufichika kwa Kiebrania. Kwangu mimi hilo ni jina la ikulu, basi. Kwao aliitwa Hadasa, na siku watu wake walipokaribia kuangamizwa, alisimama mbele ya mfalme akasema yeye ni wa kina nani.

Sasa hivi nina kibanda changu cha vitenge Kariakoo. Juzi yule mama kaja, mvi kichwa kizima, na kinamama wa kwaya yake wanatafuta sare. Kuniona tu, akaniita kwa sauti jina lile la kurithishana.

"Jamani, huyu nimemlea mimi, jikoni kwangu!"

Nikaendelea kukunja kitenge.

"We! Husikii?"

Jirani yangu wa kibanda akaninong'oneza, "Shoga, itika. Kwaya nzima hiyo!"

"Shikamoo, mama," nikasema. "Huyo unayemwita hayupo hapa. Mimi ni Hadasa."

Mwanakwaya mmoja akapiga makofi. "Hadasa si ndiye Esta? Mwenzetu, ulimweka malkia jikoni kwako na hukujua!"

Wakacheka wote isipokuwa yule mama. Alikuwa ameshakishika kitenge cha zambarau na mkono haukutaka kukiachia. Akakigeuza, akakigeuza tena, macho chini.

"Haya... Hadasa. Cha hivi unacho cha kututosha?"

"Abee, mama."

Nikapanda kwenye kigoda, nikamshushia majora ya kitenge hicho. Sijamsamehe. Nimeitika kwa sababu aliyeitwa ni mimi.