Vibati Kumi na Kimoja vya Mama Chokaa

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla hajagusa mwiko, fundi lipu wanayemwita Mama Chokaa anahesabu vibati vya shaba ukutani, katika chumba cha taa cha mgodi wa zamani. Kumi na kimoja. Anarudia. Kumi na kimoja.

"Jana nilimkuta mtu na ngazi humu," anasema. "Ngazi ya nini, na dari nimeshamaliza?"

Mgodi ulifungwa miaka thelathini iliyopita. Sasa mradi wa utalii unaufufua mji: nyumba za wachimbaji zimepakwa rangi, zahanati imegeuka hoteli. Kila kitu kinang'aa, na king'aacho sana kitazame mara mbili.

Zamani kila mchimbaji alikuwa na kibati chenye namba. Akishuka, alikitundika kushoto. Akitoka, alikihamishia kulia. Siku mgodi ulipoporomoka, kumi na kimoja vilibaki kushoto. Namba 217 ni ya baba yake Mama Chokaa.

Kampuni ilitangaza kwamba watu hao waliacha kazi, wakahama.

"Baba ahame aache viatu vyake vipya chini ya kitanda?" anauliza mama huyu wa miaka hamsini na minne. "Alivinunua kwa ajili ya harusi ya dada yangu. Hata kamba hajavitia."

Msimamizi wa mradi, kijana mwenye kofia nyeupe, anaingia.

"Shikamoo, mama. Leo tuvihamishie vyote kulia, wageni wapate picha nzuri."

"Marahaba. Wenyewe umewauliza?"

"Ni mapambo tu, mama."

"Mapambo hayana namba, mwanangu."

Kijana anakivuta kibati 217. Hakitoki. Anavuta cha jirani. Anainama, anamulika kwa simu: ukingo wa juu wa kila kibati umezama ukutani.

"Mama, hii saruji. Masharti yanasema chokaa tupu."

"Uzee huo. Mkono uliteleza."

"Mara kumi na moja?"

"Uliteleza sana siku hiyo."

Chokaa hubanduliwa kwa patasi ndogo. Saruji ile haitoki mpaka ukuta uvunjwe, na ukuta huo, mkongwe kuliko zote mjini, hauvunjwi bila kibali cha serikali. Kijana anaondoka akipiga simu. Mama Chokaa anamsindikiza kwa macho mpaka mlangoni.

Mji unafunguliwa wiki ijayo. Anasema wakimfukuza kazi, atarudi na tiketi kama mgeni yeyote, asimame mbele ya mtembeza watalii.

"Nitamuuliza moja tu," anasema, akikung'uta mwiko. "Hawa kumi na mmoja walitokea mlango upi?"