Matoka ya Kaburini

Mtoto wetu wa kwanza alifia Kisumu, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, kabla hajajua kusimama. Malaria. Asubuhi alinyonya vizuri, jioni mama mmoja hospitalini akaniambia nimshushe mgongoni. Tulikuwa wageni pale, watu wa kutoka upande wa Mlima Kenya, tumekuja mtaa wa Kondele kuuza viazi na kabeji, na hatukuwa na namna ya kumpeleka kwetu. Akazikwa kwenye makaburi ya manispaa, katikati ya watoto wa watu nisiowajua. Siku hiyo siisimulii, msinibembeleze. Ninachosimulia ni maua.

Kwetu, shamba na shamba hutenganishwa na itoka. Ni aina ya yungiyungi: chini ya udongo lina tunguu kubwa kama kitunguu, juu lina majani marefu mapana, na ua lake ni jeupe lenye mistari myekundu. Moto ukipita, itoka linachipua. Ng'ombe wakilikanyaga, linachipua. Na halichimbuliwi. Mtu aking'oa itoka la mpakani amejitafutia laana, yeye na watoto wake, na hakuna mzee atakayemtetea. Mimi nimekua nikiuogopa mmea huo kuliko nilivyoogopa polisi.

Sasa mume wangu, kila alipokwenda kwetu kuchukua viazi, alikuwa akirudi na kitu. Safari ile alirudi na matunguu ya matoka chini ya gunia. Akayapanda kwenye pembe nne za kaburi la mtoto. Mimi nilitaka saruji, hata kipande kidogo tu, chenye jina lake. Msalaba wa mbao tulioweka mchwa walikuwa wameanza kuula, na kibati cha namba ya kaburi kilishaibwa.

"Saruji hupasuka," akasema. "Itoka halidanganyi."

"Baba, hili si shamba. Ni mtoto."

Akaendelea kushindilia udongo. Na mzee wangu akishaamua, jambo limekwisha, hata ulie machozi ya damu.

Matunguu yaliyobaki niliyapanda mlangoni, kwenye debe kuukuu na kando ya ukuta. Jirani yangu alikuwa mama wa Kijaluo aliyetoka Dunga, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mtu wa kucheka ovyo. Aliponiona nikimwagilia maji alisimama na beseni lake kichwani.

"Mama, hii kitu unapanda, inakulwa?"

"Hailiwi."

"Haikulwi na unaipea maji na jua kali hivi! Wewe umerogwa."

Nikamweleza ni ya nini, na kwamba mengine yako kaburini kwa mtoto. Akashusha beseni. Kwao maiti hurudi nyumbani, hata kama ni wa siku moja, na analala karibu na nyumba ya mama yake. "Kwa hivyo mtoto iko huko manispaa peke yake?" akaniuliza. Siku hiyo nilimchukia mama yule, nasema kweli. Lakini Jumapili iliyofuata alikuja akaniambia twende wote, na tangu hapo hakuacha kunisindikiza.

Mvua za kwanza matoka yalichanua. Nilikaa chini pale makaburini nikayatazama, na kwa mara ya kwanza nikapumua. Niliweza kuyaona kutoka barabarani. Nikajua mtoto wangu yuko pale, si kule, si hapo kando, pale. Ndilo jambo pekee nililokuwa nalo juu yake. Picha hatukuwahi kumpiga.

Halafu wakaja wadudu. Mwanzoni niliona michirizi myeupe kwenye jani, kana kwamba limemwagiwa maji ya moto. Nikalipasua kwa ukucha. Ngai! Ndani kulikuwa na viwavi vidogo, vimejipanga kati ya ngozi mbili za jani, vinakula. Baada ya siku chache vilikuwa vimetoka nje, vinene, vyeusi vyenye pete za manjano, vimelala sako kwa bako. Jani likiisha vinateremka kwenye shina, kutoka kwenye shina vinaingia kwenye tunguu, na huko ndiko vinakomaliza kazi. Tunguu linaoza, linakuwa uji, na lile vundo nalisikia mpaka leo. Kwetu kwenye baridi sikuwahi kuona kitu kama hicho. Nadhani ni lile joto la ziwani, ambalo huzaa kila chenye miguu.

Nilifanya yote. Jirani yangu alinipa majivu ya mahali anapokausha samaki, nikanyunyiza. Viwavi vikapita juu yake. Nikachemsha sabuni ya mche, nikapoza, nikaosha jani moja moja, mbele na nyuma, kama ninayeosha masikio ya mtoto. Nikanunua mjini dawa ya unga mweupe ya kuua wadudu, ikaua walioko nje. Walioko ndani ya jani wakaendelea na karamu yao, na mvua ikaja ikaosha dawa yote. Mwishowe nikawa naokota kwa mkono na kusaga kwa kandambili. Wafagiaji wa manispaa walinicheka. Mmoja aliniuliza kama natafuta kitoweo. Nikampa zake, akaondoka bila kuaga.

Yale ya mlangoni, ambayo hayakuwa mpaka wa kitu, yaliposhambuliwa nilifanya kitu kingine. Nilichimba kila tunguu, nikakata sehemu iliyooza mpaka nikafika kwenye nyama nyeupe, nikaliosha, nikalianika kivulini mpaka kidonda kikakauka, nikalipanda tena kwenye udongo mpya. Yakapona yote. Yakatoa majani mapana kuliko ya zamani.

Basi nikamwambia mzee wangu: haya, ya kaburini tuyachimbe, tuyatibu, tuyarudishe palepale.

"Itoka halichimbuliwi."

"Linaoza! Ukisubiri utachimba nini?"

"Halichimbuliwi," akasema tena. Akanitazama tumbo. Nilikuwa na mimba ya pili. "Tumezika mmoja. Unataka tung'oe mpaka wake kwa mikono yetu, halafu huyu aje?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ikaniingia na mimi, nikawa naamka nikijishika tumbo. Nikaendelea kuokota viwavi.

Pembe moja ikaanguka. Ukivuta jani linakuja lote mkononi, laini, chini yake hakuna kitu. Kisha ya pili. Nilikuwa nalia nikiokota, nikiwatukana wale wadudu matusi ambayo mwanamke wa kanisa hapaswi kuyajua. Maana kila pembe ilipokwenda, niliona mtoto wangu anasogea mbali.

Zilipobaki mbili, mama mkwe akaugua. Tukaenda kwetu, tukamuuguza, tukamzika, na mimi nikajifungulia hukohuko. Mvua ndefu zikapita tukiwa huko. Mtoto alikuwa mzima, wa kiume, mwenye sauti. Hata furaha yake niliishika kwa mkono mmoja.

Tuliporudi Kondele, jirani yangu alinipokea kwa kunikumbatia, kisha akaangalia chini. "Nilienda, Mama. Nilienda mpaka majani ikanishinda. Ilikuwa imefika hapa," akagusa shingo yake. Mzee wangu akaniambia, kwa sauti ya chini, nichukue matunguu kadhaa ya mlangoni tukayapande mapya kando ya yale ya zamani. Kupanda si kuchimbua, akasema. Nikayaweka kwenye kikapu, nikamfunga mtoto mgongoni, tukaenda.

Manispaa walikuwa wamefyeka. Uwanja wote ulikuwa sawasawa, nyasi zimelazwa zinakauka, na makaburi mapya yamechimbwa yakipakana na ya zamani. Hapakuwa na itoka hata moja. Hapakuwa na msalaba. Nilipiga magoti nikafukua kwa vidole, hapa, na pale, nikitafuta hata lile vundo. Udongo ulikuwa udongo tu.

"Ni hapa," mzee wangu akasema.

Nikasimama. Mimi nilikuwa hatua nyingi kutoka aliposimama yeye. "Si huko, Baba. Ni hapa."

"Mimi ndiye niliyepanda."

"Na mimi ndiye niliyekuwa nakuja kila Jumapili!"

Tukamwita mchimba kaburi atuamulie. Alikuja akifuta jembe, akatazama alipo mume wangu, akatazama nilipo mimi. "Watoto ni wengi hapa, Mama," akasema, na hakusema kwa ubaya. Mzee wangu akakaa chini akalia kwa sauti, mbele ya watu. Sikumwendea. Sikuwa na chochote cha kumpa. Tulirudi na kikapu kama tulivyokwenda nacho.

Yeye aliendelea kwenda pale pake, akipiga magoti, mpaka tulipohama mji. Mimi nilikuwa nasimama barabarani, siingii. Niliogopa nisije nikamkanyaga mtoto wangu.