Maria na Binti wa Shianda

Juzi nilikuwa kwa fundi wa fremu karibu na soko la Kakamega, cheti changu mkononi, nikitaka kitiwe kioo. Akaingia mama mmoja wa Shianda, akakunjua picha ya Bikira Maria amempakata mtoto, nakala ya mchoro wa kale wa Italia aliyopewa kanisani. Kisha akatoa picha ndogo ya studio, msichana amebeba mtoto mchanga, akaipangusa kwa ncha ya leso.

"Hii uiweke pembeni, ndani ya kioo."

Huku kwetu picha za jamaa ndivyo tunavyozipachika. Lakini fundi alisita.

"Mama, hii ni picha takatifu. Haichanganywangi na watu. Huyu ni nani?"

"Binti yangu. Amezalia nyumbani, hajaolewa. Watu wanamsema sana."

"Na bado unataka wageni wote wamwone?"

Mama akainua kidevu, akamgusa Maria kwa kidole.

"Hata huyu walimsema."

Fundi akachukua gundi. Nikamwambia aanze na ya mama. Cheti changu kingengoja.

Nasikia wachoraji wale wa Italia walimchora Maria kwa sura za wasichana wa mitaa yao. Sasa Shianda nayo ina Maria wake.