Mgonga Dari

"Yule mzee kichwa kimemvimba," jirani yangu aliniambia, pini mbili zikiwa bado mdomoni. "Tangu wampe ile fulana ya kazini hasalimii mtu. Jana nimemwita mpaka koo limenikauka. Kanipita kama nguzo ya umeme."

"Labda hakusikia, dada."

"Hakusikia! Mkewe akimwambia chakula tayari, hasikii?"

Jirani yangu ni fundi cherehani. Tumetenganishwa na ukuta wa tofali moja, na habari za mtaa humfikia kabla hazijatokea. Wanasema sikio halilali njaa, lake linakula mpaka kubeua. Nilichukua gauni nililompelekea ashone zipu, nikamwambia asante, nikarudi kwangu.

Mzee aliyekuwa anamsema tunamwita Mzee Taa. Anakaa na mkewe mwisho wa uchochoro wetu. Ujanani alichimba shaba kwenye mgodi ulioko pale kwenye majabali, ambao njia zake zinakwenda mpaka chini ya bahari. Mgodi ukafungwa. Akabeba mizigo sokoni, akapaka rangi nyumba za watu, akauza mkaa. Miaka ikapita, mgodi ukafunguliwa tena, safari hii si wa kuchimbwa bali wa kutazamwa. Wenye mgodi wakatafuta mtu anayezijua njia. Wenzake wengi walikuwa wameshahama au wameshazikwa, basi akarudi yeye, mvi kichwani na taa juu ya mvi. Ndipo jina lilipotoka.

Mimi nimeolewa mtaa huu na nilikuwa sijawahi kuingia humo. Mgodi kwangu ulikuwa kama kabati la mama mkwe: unaliona kila siku, hulifungui. Halafu ikatangazwa kwamba Jumamosi wakazi wa jirani wataingia bure. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikaenda.

Mlangoni tulipewa kofia ngumu zenye taa. Nyuma yangu alisimama dereva wa lori mwenye kitambi, anayefanya mzaha kwa kila kitu, na mbele kulikuwa na bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake wa kike. Mzee Taa alitupanga tumtazame.

"Mwenye swali aje mbele, asimame kwenye mwanga," alisema. "Maswali ya gizani siyajibu."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Tulishuka kwa ngazi za chuma. Chini kulikuwa na baridi, na harufu kama ya sufuria iliyofunikwa kabla haijakauka. Reli za vitoroli bado zimelala sakafuni, zimeliwa na kutu. Mzee Taa alishika mtaimbo, na kila tulipofika sehemu mpya alitusimamisha, akagonga dari kwa mkono mmoja huku kiganja cha mkono wa pili amekibandika kwenye mwamba.

"Mwamba mzima unalia kama kengele," alitueleza. "Uliolegea unalia kama mtungi wenye ufa. Ukisikia mtungi, usipite. Hata kama bosi wako yuko nyuma anafoka, usipite."

Akagonga. Ting! "Mzima. Twendeni."

Tulikwenda hivyo, akigonga na kugusa, na baada ya muda hata sisi tukawa tunaingojea ile kengele yetu kabla ya kuinua mguu.

Tukafika kwenye chumba kipana. Akasema sasa bahari iko juu ya vichwa vyetu, tunyamaze tusikilize. Tukanyamaza. Kweli kulikuwa na sauti, mawe makubwa yakisukumwa na mawimbi huko juu, kama mtu anayeburuta meza.

"Jirani wa ghorofani anahama," dereva akasema.

Sote tukacheka. Mzee Taa alitutazama nyuso kwanza, ndipo naye akacheka.

Kicheko kile kilimwamsha mwanangu. Alipiga ukelele wa kushtushwa na giza, na mle ndani hakuna pa sauti kwenda, ikawa inatugonga na kuturudia. Kila mtu aligeuka. Bibi aliziba masikio. Mzee Taa alikuwa ametugeuzia mgongo, anatuonyesha tundu ambalo zamani walitundika taa za mafuta, na aliendelea kueleza kwa sauti ile ile. Hakuipandisha wala hakusita.

Nilimtikisa mwanangu taratibu mpaka akatulia, lakini mimi sikutulia. Nimeona watu wengi mtoto anapolia. Kuna wanaosogea na kuna wanaokunja uso, na wapo wanaojifanya hawapo. Hata anayejifanya, shingo yake husema. Shingo ya yule mzee haikusema kitu. Nikamkumbuka fundi cherehani na pini zake.

Mbele kidogo njia ilipinda, na maji yalikuwa yametuama sakafuni. Bibi aliogopa kuteleza. Mzee Taa akampa mkono, na kwa mkono wa pili akainua mtaimbo, akagonga dari.

Haikulia ting. Ililia ndu.

"Mzima," akasema. "Twendeni, bibi, kanyaga hapa."

Dereva alikuwa anamsimulia mjukuu kuhusu lori lake lililozama matopeni, na wengine wanatazama miguu yao. Nilipita kando yao nikaingia kwenye mwanga wake, nikamshika bega.

"Baba, hapa panalia mtungi."

Alinitazama midomo. Uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa jina ambalo hakudhani linajulikana. Akamrudisha bibi taratibu, akatuambia tusogee nyuma, wote, mpaka kwenye kona. Kisha akagonga tena, safari hii kiganja kikiwa juu ya mwamba. Alikaa hivyo kwa muda. Akasimama kando, akachokonoa kwa ncha ya mtaimbo, na jiwe kubwa kama mto wa kulalia likatoka kirahisi, likaanguka majini pale bibi alipotakiwa kukanyaga.

Hakuna aliyefanya mzaha.

"Ndugu zangu, leo tunaishia hapa," alisema, na akafunga ile njia kwa mnyororo.

Juu, watu walirudisha kofia wakaondoka. Nilikaa kwenye benchi nikimnyonyesha mwanangu. Mzee Taa alinawa bombani, akaja akaketi mahali anaponiona uso.

"Umejua saa ngapi?"

"Mtoto alipolia."

"Kumbe alilia?"

"Sana, baba."

Akakishika kidogo kiguu cha mwanangu. "Zile mashine za kutoboa mwamba zilianza kuniharibu nikiwa kijana. Sikio la kushoto likatangulia. Sasa na mwenzake anamfuata. Mke wangu anajua, mwingine hajui. Kwa kazi hii kiganja kilikuwa kinatosha, mwamba uliolegea unatetemeka vibaya, naujua. Ila leo kiganja nilimpa yule bibi."

Nikampangusa mwanangu mdomo.

"Nikisema, kesho sishuki tena," akaendelea. "Nitashinda nyumbani nafanya nini? Nimgongee mama sufuria zake, nimwambie hii nzima, hii mbovu?"

Nilicheka kidogo, naye akacheka. Kisha akatazama getini, ambako mjukuu alikuwa anamfunga bibi yake kamba za viatu.

"Unaweza usiseme," nilimwambia. Nilimwonea huruma, na neno lilinitoka kabla sijalipima.

"Naweza. Halafu kesho nani atanishika bega?"

Alinyanyuka. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, na msimamizi, msichana wa umri wangu, alionekana mezani, macho kwenye kompyuta na simu sikioni.

"Mwanangu, nakuomba twende wote mle ndani," alisema Mzee Taa. "Kusema nitasema mwenyewe. Lakini yule binti huongea huku ameinamia kompyuta, midomo yake siipati. Wewe kaa mbele yangu. Atakalojibu unirudishie polepole, neno kwa neno, na likiwa baya usinipunguzie."